Rangi ya Madirisha ya Mzee Aminieli

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Sijui ni nani aliyebuni desturi hii ya kumpa mstaafu saa, mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani hana haja ya kujua ni saa ngapi. Nimeitundika jikoni, inanisaidia kuchemsha mayai. Siku hiyohiyo vijana wa kitengo cha sheria waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, na nilijua wanachokitaka ni kesi za mahakamani: nani alimbwaga nani, wakili gani wa mjini alibaki mdomo wazi. Kesi hizo zimo kwenye majalada, mtazisoma wenyewe. Mimi nitawaandikia kuhusu sheria ndogo, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya zaidi, na ndiyo kazi ambayo hakuna anayekupigia makofi ukiifanya vizuri.

Nimezaliwa Mwika, kwenye kihamba cha kahawa na migomba, kwa wazazi walioamini kwamba mwanasheria ni mtu wa kubishana. Mama alisema kazi hiyo itanifaa. Nilipomaliza chuo Dar es Salaam nilipangiwa kituo Bomang'ombe, nikaripoti nimevaa suti nyeusi na viatu vya kisigino. Anayelijua vumbi la Bomang'ombe wakati wa kiangazi hahitaji kuhadithiwa zaidi. Kufikia wakati wa chai suti ilikuwa ya kahawia.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Sanga, mtu wa Njombe aliyekaa Uchaggani hadi akawa anaonja mbege, pombe ya ndizi, na kutamka kama imeiva au bado, na wenyeji wakamkubali. Alinikaribisha, akanipa rasimu ya sheria ndogo ya kuzuia mifugo kuzurura, akaniambia niinyooshe. Nikainyoosha kutwa. Niliandika kwamba mnyama yeyote atakayeonekana ndani ya eneo la soko atakamatwa, na mwenye mnyama huyo atakuwa ametenda kosa. Niliona ni sentensi safi, fupi, isiyo na mwanya.

Mzee Sanga aliisoma, akaisifia lugha yake, akavaa kofia na kuniambia nimfuate. Ilikuwa siku ya gulio. Alinipeleka hadi pale wauza mbuzi wanaposimama, akaniomba niwasomee kwa sauti. Nikasoma. Walinisikiliza kwa adabu. Mama mmoja aliyeshika kamba ya mbuzi wake akaniuliza kama na yeye, aliyemleta kumuuza na akalipia ushuru, atakamatwa. Nikaitazama karatasi. Kwa ile karatasi, ndiyo, atakamatwa yeye na mbuzi wake, na kuku wote waliokuwa kwenye matenga upande wa pili.

Mzee Sanga hakunicheka. Tulipokuwa tunarudi ofisini aliniambia maneno ambayo nimewakariria wengi wenu mpaka mmeyachoka: "Hakimu ataisoma hii mara mojamoja. Mgambo ataitumia kila siku. Mwandikie mgambo."

Tangu siku hiyo sikuwahi kupeleka rasimu kwenye kikao bila kwanza kuisoma kwa sauti mbele ya watu itakaowagusa. Niliisoma ya taka mbele ya wauza ndizi. Niliisoma ya vilabu vya pombe kilabuni, asubuhi, kabla wasikilizaji hawajachangamka mno. Ile ya mifereji ya maji ya mlimani niliisoma nikiwa nimesimama ndani ya mfereji wenyewe, kwa sababu wazee wa mfereji walikataa kutoka kwenye kazi yao ili wanisikilize. Hivyo mkiniuliza zana zangu za kazi zilikuwa zipi, nitawaambia ni penseli laini, maana kalamu humfanya mtu ayapende mno aliyoyaandika, na buti za mpira. Chuoni hawafundishi buti.

Baadaye nilihamishiwa mjini Moshi, na huko ndiko nilikokutana na jambo lililonifundisha kuliko yote.

Lilianza kwa mfuko wa karatasi. Elibariki, afisa afya wetu, ambaye mitaani bado wanamwita bwana afya na wakimwona wanakumbuka vyoo vyao, aliingia ofisini kwangu, akauweka mfuko mezani na kuniomba nisiuguse. Ndani mlikuwa na magamba ya rangi ya kijani, yaliyokunjamana kama maganda ya vitunguu. Akaketi akanisimulia.

Kule Shirimatunda kulikuwa na nyumba kubwa ya kupangisha ya Mzee Aminieli, mzee wa kanisa, mjane wa kiume, aliyeishi mwenyewe kwenye vyumba vya mbele. Vyumba vya nyuma walikaa wapangaji. Mmoja wao alikuwa Tabitha, mwanamke wa Kasulu, ambaye mume wake alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa na kurudi nyumbani Jumapili. Walikuwa na mtoto wa miaka mitatu aliyeitwa Daudi. Daudi alianza kulalamika tumbo. Akapauka. Kisha maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea, moja baada ya jingine, mpaka akawa anaonyesha kwa kidole tu. Walimtibu minyoo, wakamtibu upungufu wa damu. Hatimaye hospitalini walimpata daktari mmoja aliyemuuliza mama yake swali jepesi: mtoto huyu anapenda kutia nini mdomoni? Tabitha akajibu kwamba kila kitu, kama watoto wote, lakini zaidi husimama dirishani akiangalia njia anayojia baba yake, na akiwa pale huguguna ukingo wa dirisha.

Damu ya mtoto ikapelekwa mbali kupimwa. Jibu lilikuwa madini ya risasi.

Elibariki alikwenda nyumbani kwao kutafuta yalikotoka. Aliuliza kama kuna mtu anayepasua betri kuukuu za magari uani. Hakuna. Akaziangalia sufuria, maana nyingine hutengenezwa kwa vyuma chakavu. Akauliza kuhusu udongo ambao akina mama hutafuna wakiwa wajawazito. Mwisho akakwangua madirisha, akachota na udongo wa chini yake, akavituma maabara. Vyote viwili vilijaa risasi. Madirisha yale Mzee Aminieli aliyanunua zamani, mjini, ilipobomolewa nyumba ya siku nyingi. Mbao zake zilikuwa mninga mtupu, jambo alilojivunia, na juu ya mninga ule palikuwa na rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, kila mwenye nyumba na rangi yake. Jua la mchana lilikuwa likiibandua kidogokidogo.

"Sasa wewe ndiye mwanasheria," Elibariki akaniambia. "Sheria inasemaje?"

Sheria ilisema kidogo sana. Kulikuwa na kiwango cha risasi kwa rangi mpya inayouzwa madukani. Kuhusu rangi iliyokwisha kukauka kwenye dirisha la mtu, kimya. Nikageukia sheria ya afya ya jamii na pale nikapata neno zuri la zamani: kero. Kitu chochote ndani ya nyumba kinachohatarisha afya ni kero, na afisa afya anaweza kumwamuru mwenye nyumba aiondoe. Tukaandika ilani kwa namna inayotakiwa, Elibariki akaipeleka.

Mzee Aminieli aliisoma, akaelewa kwamba nyumba yake ni hatari kwa watoto, akawapa wapangaji wote wenye watoto muda wa kuhama. Kisheria alikuwa ametii. Pasipo na mtoto, pana hatari gani?

Tabitha alikuja ofisini kwangu amembeba Daudi mgongoni, ingawa mtoto alikwisha kuwa mkubwa mno kubebwa. Hakuja kwa ukali. Alisalimia, akaketi, akamshusha mtoto mapajani na kunieleza taratibu.

"Mama, mimi nilikwenda kutafuta dawa ya mwanangu, nimepewa karatasi ya kuhama. Nikihama nitapata chumba kwenye nyumba nyingine, na madirisha yake siyajui. Na pale nilipotoka ataingia mwenzangu mwenye mtoto, naye hayajui. Sasa hiyo sheria imemsaidia nani?"

Niliagiza chai, Daudi akapewa andazi. Nilimwambia Tabitha asihame kwanza, nitakuja.

Kesho yake mimi na Elibariki tulikwenda Shirimatunda. Mzee Aminieli alitupokea barazani, tukampa shikamoo, akaitikia, lakini hakutuita wanangu kama wazee wa kwetu wanavyoita. Alikuwa ameumia. Alisema amelea watoto wake wote katika nyumba ile na wamekuwa watu wazima wenye akili zao. Yeye hakutengeneza rangi, aliinunua nyumba ya mtu kwa vipande, na mbao zake ni nzuri mpaka leo. Lililomuuma zaidi hakulisema moja kwa moja, lakini lilionekana: Jumapili atasimama kupokea sadaka, na watu watanong'ona kwamba huyu ndiye anayewapa watoto sumu.

Elibariki alimweleza upya, kwa upole, kwamba risasi haimwui mtoto kama nyoka. Inampunguza tu, polepole, na mtu asiyepimwa hawezi kujua amepunguzwa kiasi gani. Mimi nilikuwa nikitazama picha ukutani, za wajukuu wamevaa nguo za sikukuu, nikamuuliza mzee wanakaa wapi. Akasema Dar, lakini kila Krismasi wanapanda, maana Mchagga asiyerudi nyumbani Desemba hujieleza mwaka mzima. Nikamuuliza huwa wanalala wapi. Akasema chumba cha mwisho, kile chenye dirisha kubwa, na kwamba mdogo wao sasa anajifunza kusimama.

Aliligeukia dirisha la barazani, akalitazama kwa muda, akapitisha kidole kwenye ukingo wake na kukiangalia kidole.

"Kumbe na hawa," akasema.

Akatuambia wapangaji wasihame hata mmoja, yeye ataita fundi. Tulirudi mjini tukiwa na furaha, na Elibariki akaninunulia mahindi ya kuchoma.

Furaha hiyo haikudumu. Siku chache baadaye Elibariki alinipigia simu akaniambia nimkute Shirimatunda haraka. Nilipofika nilielewa. Mzee Aminieli, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemleta fundi, na fundi alikuwa akiisugua ile rangi kavu kwa msasa. Vumbi lilitanda uani kama kwenye mashine ya kusaga. Lilikuwa juu ya ndoo za maji, kwenye nguo zilizoanikwa, juu ya benchi la barazani, na kwenye benchi hilo Daudi na wenzake walikuwa wakichora kwa vidole. Mzee mwenyewe alishikilia ngazi. Alikuwa anatabasamu. Alidhani tumekuja kumpongeza.

Elibariki si mtu wa kukimbia, umbo lake halimruhusu, lakini siku ile alikimbia. Alimteremsha fundi, akawakusanya watoto bombani, akawaosha mikono na nyuso mmoja mmoja huku Tabitha akisaidia. Mimi nilibaki na kazi ya jirani, mama mpika mbege, ambaye alikwisha kuchukua fremu ya kwanza iliyong'olewa na alikuwa anaitia motoni chini ya pipa lake. Moshi wake ungekuwa mbaya kuliko vumbi. Nilimsihi, akaitoa, lakini akaniuliza kama sasa ofisi yangu itamletea kuni. Lilikuwa swali la haki. Mzee Aminieli akalimaliza kwa kumpa visiki vya mibuni vilivyokuwa vimerundikwa nyuma ya zizi.

Jioni ile tulikaa barazani wote, baada ya kupiga deki, na Elibariki akaeleza kazi inavyotakiwa kufanywa. Rangi inaloweshwa kwanza, ndipo inakwanguliwa. Chini inatandikwa nailoni. Watoto wasiwepo. Vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe, na magamba yasichomwe wala kutupwa shambani. Fundi alinuna mwanzoni, akasema yeye ni fundi tangu ujana wake na hajawahi kuosha dirisha kabla ya kulisugua. Lakini alisikiliza, na leo ndiye anayeitwa mtaa mzima kwa kazi hizo. Kwa familia zenye watoto wadogo, Mzee Aminieli alizungumza na mchungaji, wakapewa vyumba vya shule ya Jumapili usharikani mpaka kazi iishe. Jumapili watoto wa shule ya Jumapili walisomea nje, chini ya mawingu ya mlima, na nasikia hawakulalamika hata kidogo.

Madirisha yale yapo mpaka leo. Yalikwanguliwa hadi mninga, yakapakwa vanishi, na Mzee alikiri kwamba hakuwahi kujua kuwa ni mazuri kiasi kile.

Nilirudi ofisini nikiwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi: kuandika sheria ndogo isiyosema tu "ondoa", bali inayosema inaondolewaje, kwa lugha ambayo fundi akiwa juu ya ngazi ataielewa. Ya pili ilinisumbua. Ningemzuiaje mwenye nyumba asiwafukuze wenye watoto? Niliandika kifungu kinachomkataza waziwazi. Rasimu ilipokwenda juu kuhakikiwa ilirudi na maelezo kwamba mambo ya mkataba wa mwenye nyumba na mpangaji yana sheria zake, na sheria ndogo haiwezi kuipita sheria mama. Nilikasirika siku nzima. Siku ya pili nikakubali kwamba walioandika walikuwa sahihi.

Jibu nililipata Mwika, sikulipata kwenye kitabu. Nilikuwa nyumbani kwa mapumziko na kaka yangu alikuwa akisuluhisha ugomvi wa jirani aliyenunua kihamba na kutaka kuiziba njia ya kupitia ng'ombe. Kaka alimwambia njia haikuwa ya yule aliyeuza, njia ni ya shamba. Ukinunua shamba umenunua na njia yake. Nikaacha mtori wangu, supu ya ndizi, ukapoa.

Kumbe tatizo lilikuwa kwamba ilani yetu ilimfuata mtoto. Mtoto akitoka, ilani inakosa kazi. Nikaandika upya kwamba ilani itakaa juu ya nyumba, yeyote awaye anayeishi humo, na mpaka itakapokaguliwa na kufutwa, chumba hicho kisipangishwe upya kwa familia yenye mtoto mdogo wala mama mjamzito. Sikumkataza mtu kumfukuza mpangaji. Nilifanya tu kumfukuza kusimpunguzie mwenye nyumba mzigo wowote. Na mwenye nyumba atakayeanza matengenezo wapangaji wake wakiwapo, atapewa muda mrefu zaidi na ushauri wa afisa afya bila malipo. Sijaandika kifungu kingine ninachokipenda kama hicho, na hakina hata neno moja gumu.

Kisha nikavaa buti, nikaenda kukisoma.

Mkutano ulifanyika Shirimatunda, nje ya ofisi ya kata. Nilianza kusoma kuhusu nyumba zenye risasi, na kabla sijamaliza aya ya kwanza bibi mmoja aliyekaa nyuma alitaka kujua ni nani anayepiga watu risasi, na kwa nini polisi hawajaitwa. Watu wakacheka, lakini wengi, nilipowauliza, walikuwa wamewaza vilevile. Lugha yetu imeyapa neno moja madini na kitu kinachotoka kwenye bunduki, na mimi nilikuwa nimekaa na neno hilo miezi kadhaa bila kulisikia. Nikaandika palepale kwa penseli: rangi yenye sumu ya madini ya risasi, yale yanayowekwa ndani ya betri za magari. Bibi akasema sasa ameelewa, na akauliza kuhusu mlango wake.

Aliyepinga alikuwa diwani Felista, mwenye vyumba vya kupangisha yeye mwenyewe, na hakulificha hilo. Sitaki mumfikirie vibaya. Hoja zake zilikuwa za mtu anayelijua soko. Alisema mkimbana mwenye nyumba atapandisha kodi, na anayelipa kodi ni maskini. Alisema hakuna halmashauri yenye maafisa wa kukagua kila dirisha. Akapendekeza njia nyepesi: tusubiri. Hospitali ikimpata mtoto mwenye tatizo, ndipo tuende kwenye nyumba hiyo, maana tutakuwa na uhakika.

Nilikuwa nimeandaa majibu, kurasa nzima. Kabla sijasimama, Mzee Aminieli aliinuka. Alivua kofia yake kama aendaye kuomba.

"Ndugu zangu, mimi ndiye mwenye ile nyumba," alisema. "Namsikia mheshimiwa diwani anasema tusubiri mpaka mtoto aonekane. Kwangu alionekana. Nilijua madirisha yangu ni mabaya kwa sababu ya damu ya mtoto wa mwenzangu. Yeye ndiye alikuwa kipimo changu. Wajukuu zangu wamepona kwa sababu yeye aliugua. Mimi sikuiweka ile sumu. Lakini ningeijua halafu nikaiacha, ningekuwa nimeiweka."

Akaketi, akavaa kofia yake. Tabitha alikuwa amesimama ukutani na Daudi. Alikuwa anamtazama mzee.

Diwani Felista naye akasema kwamba hana tena neno la kupinga, ila wenye nyumba wadogo wapewe muda, na tuanze na nyumba za zamani na zile zilizotumia milango na madirisha ya kubomolewa, badala ya kupiga hodi kila mahali. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yaliyokuwa kwenye rasimu yangu, nikayaingiza. Kwenye baraza la madiwani yeye ndiye aliyeitetea. Baada ya safari zote za rasimu, kwenda na kurudi, na koma zake kurekebishwa, sheria ikatangazwa na kuanza kutumika.

Kuhusu miaka iliyofuata sina hadithi za kusisimua. Maafisa walikagua, mafundi wakalowesha madirisha, wenye nyumba walinung'unika wakatii. Majalada yalijaa taarifa fupi zinazofanana. Mkiona sheria inaanza kuchosha kusomwa, jueni imeanza kufanya kazi.

Mtaniuliza kuhusu Daudi. Risasi ilipungua mwilini mwake na rangi yake ikarudi. Maneno yalirudi mengi, si yote kwa wakati wake. Alichelewa kusoma, na hesabu zinampiga chenga mpaka leo. Daktari aliwaambia wazazi wake ukweli tangu mwanzo, kwamba kilichopotea hakirudi chote. Ni kijana mrefu sasa, mkimya, ana mkono mzuri na ng'ombe wa maziwa, na Mzee Aminieli, kabla ya kufariki, alimkabidhi ndama wake wa mwisho. Kila nikikutana na Tabitha humwulizia, naye hunijibu, "Anaendelea, mama." Nimefurahia kazi yangu kwa jumla, na nikihesabu mema nayaona mengi. Lakini jibu hilo la Tabitha ndilo lililonifanya nisiridhike na sheria yoyote inayongoja.

Sasa nimalizie na lililotokea baada ya ile saa ya ukutani.

Nyuma ya nyumba yangu nina vyumba viwili ambavyo nimempangisha mwalimu kijana, anaitwa Upendo, yeye na mumewe. Asubuhi moja nilisikia hodi. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, amevaa koti jeupe na begi begani. Akanipa shikamoo, akasema anaitwa Glory, ni afisa afya mpya wa kata, na amekuja kukagua nyumba za kupangisha. Akaniuliza kwa adabu kama naifahamu sheria ndogo ya rangi zenye sumu.

Nikamwambia naifahamu kidogo.

Basi akanieleza. Alisimama uani akanieleza kifungu kwa kifungu, bila karatasi, kwa maneno mepesi, na alipofika kwenye ilani inayokaa juu ya nyumba alinifafanulia kwa mfano ili mama mtu mzima nisipotee. Sikumkatiza. Nilikuwa nasikiliza kazi yangu ikisomwa kwa sauti mbele yangu, na nilikuwa mtu inayemgusa.

Madirisha yangu aliyapitisha. Aliposhika mlango wa chumba cha Upendo alisimama. Mlango ule niliutoa Mwika kaka alipobomoa nyumba ya wazazi ili ajenge mpya. Ulikuwa wa bluu, rangi aliyoipenda mama, na chini yake palionekana nyekundu iliyokuwapo kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimeufunga pale kwa ajili ya kumbukumbu. Kwa miaka yote niliyoshughulikia milango ya watu, huo sikuwahi kuuona kama mlango, niliuona kama mama.

Glory akauliza kama kuna mtoto humo ndani.

"Bado," nikamwambia. "Anatarajiwa."

"Basi nimekuja kwa wakati," akasema, akapiga magoti, akalowesha kitambaa na kutoa kisu chake kidogo.

Majibu yalipokuja, mlango wa mama ulikuwa na risasi. Nilipata ilani yenye jina langu, na niliisoma mara mbili kutafuta kosa la kisheria, kwa mazoea tu. Haikuwa na kosa. Nikamwita yule fundi wa Shirimatunda, akalowesha, akatandika nailoni, akauondoa mlango mzima ukiwa umefungwa kama mgonjwa, na mahali pake tukaweka mpya wa mkaratusi. Nililia kidogo walipoutoa, kisha nikawapikia mafundi chakula.

Mtoto wa Upendo alizaliwa masika. Ni wa kike, mnene, hana habari na mtu. Siku hizi anatambaa mpaka kwenye ule mlango mpya, anaushika, anasimama, kisha anaulamba kwa bidii kama mtu aliyepewa kazi. Mama yake humwondoa kwa sababu ya uchafu. Mimi nikiwa naye peke yangu, namwacha.